Ghorofa zijengwe Kamalondo, lakini lupangu usifunikwe wote

Swali ninaloliweka mbele ya wasomaji ni hili: je, komini (wilaya ya jiji) ya Kamalondo, na baada yake komini za Kenya na Katuba, zikubali nyumba za chini za enzi za ukoloni na za miaka ya mwanzo ya uhuru zibomolewe ili kupisha majengo ya ghorofa, yale ambayo wengi wetu hapa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tunayaita etaji? Wapo wanaotaka ubomoaji upigwe marufuku kabisa, kwa kuwa hii ni komini kongwe na kila nyumba inayoanguka inaondoka na kipande cha historia. Wapo wanaojibu kwamba aliyenunua lupangu, yaani kiwanja, kwa fedha zake hapaswi kuulizwa anajenga nini juu yake. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa heshima, na naona zote zinabishania urefu wa jengo, wakati madhara makubwa zaidi yanatokea chini, pale jengo linapokutana na udongo na barabara. Msimamo wangu ni kwamba ghorofa ziruhusiwe, hata tatu au nne, kwa sharti moja lisilo na msamaha: walau theluthi ya lupangu ibaki wazi, bila kufunikwa kwa zege.

Nianze na hoja ya historia, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kwanza na ndiyo ninayoiona dhaifu kuliko inavyodhaniwa. Jiji lilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville kwa ajili ya shaba, na katika miaka ya 1920 utawala wa Kibelgiji uliwahamisha Waafrika mbali na mji wa Wazungu, ukaacha kati yao ukanda mtupu wa kuwatenganisha. Mtaa huo wa Waafrika, ulioitwa Albert, ndio Kamalondo ya leo. Mpangilio wake wa barabara zilizonyooka na viwanja vidogo vinavyofanana ulikusudiwa kuwaweka wafanyakazi mahali pamoja ambapo wangehesabika na kudhibitiwa kwa urahisi. Sioni sababu ya sisi kuulinda mpango huo kana kwamba ni urithi wetu. Kinachostahili kulindwa ni yale ambayo wakazi wenyewe waliyafanya ndani ya viwanja hivyo: barza, yaani baraza ya mbele, inayotazama barabara, mwembe au mparachichi uani, vyumba vya nyuma walivyopewa ndugu waliofika kutoka kijijini, na baadaye wapangaji. Huko kwenye komini za Katuba na Ruashi, katika miaka ya 1950, familia zilikopeshwa fedha zikajijengea, na hapo urithi wa mikono ya wenyeji unaonekana wazi zaidi. Lakini hata huko sidhani kwamba wazee wetu walijenga ili wajukuu wao wakatazwe kujenga.

Wanaotetea ghorofa wana hoja nzito, nami naikubali. Jiji limezidi watu milioni 2 na linatanuka kila upande, kuelekea Kasungami, Kalebuka, Kisanga na Luano. Baada ya Kanuni ya Migodi ya mwaka 2002, kampuni nyingi za madini ziliingia mkoa wetu wa Katanga, na pamoja nazo watu wenye uwezo wa kulipa kodi kubwa za nyumba. Karibu wakati huohuo, kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya Dola, waliondoka kazini kwa ule mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, na familia nyingi zikabaki bila mshahara katika jiji ambalo bei zake zilikuwa zinapanda. Asiyeweza kulipa kodi ya nyumba katikati ya jiji husukumwa pembezoni, na kila nyumba ya chini inayojengwa huko inadai barabara yake, bomba la maji la Regideso na waya wa umeme wa SNEL, vitu ambavyo mara nyingi huchelewa kwa miaka. Inadai pia matofali ya kuchoma, ambayo hapa kwetu hutengenezwa kwa udongo wa vichuguu na kuchomwa kwa kuni za miombo, msitu uleule ambao tayari tunaumaliza kwa makala, yaani makaa, ya kupikia. Kumlaza mama anayeuza sokoni umbali wa safari mbili za basi kutoka kwenye meza yake, wakati Kamalondo iko mwendo mfupi wa miguu kutoka katikati ya jiji, ni kumtoza kila siku kodi ya usafiri isiyo na risiti. Kwa hiyo anayesema kwamba Kamalondo ibaki chini milele anapaswa pia kutuambia hao wengine wakae wapi.

Sasa tutazame kinachojengwa kwa kweli. Jengo jipya la kawaida linaanzia kwenye mpaka wa mbele na kuishia kwenye mpaka wa nyuma, kuta za pembeni zikiwa zimegusana na za jirani. Chini huwa ni safu ya magazini, yaani maduka, yenye milango ya chuma, juu ni vyumba, na nafasi yoyote iliyosalia humwagiwa zege ili magari yaegeshwe. Lubumbashi hupata karibu milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Chukua lupangu wa mita za mraba 300 uliofunikwa wote: mvua moja kubwa ya milimita 50 inaangusha juu yake lita 15,000, ambazo zamani sehemu yake kubwa ilinywewa na udongo wa uani na mizizi ya mwembe. Leo maji hayo yote yanateremkia barabarani kwa dakika chache. Fanya hesabu hiyo kwa malupangu ishirini ya barabara moja, kisha ukumbuke mitaro yetu ilichimbwa kwa ajili ya watu wangapi, na wakati gani, na imejaa nini sasa. Jirani aliyebaki na nyumba ya chini ndiye anayeamka usiku kuinua godoro.

Chini ya ardhi mambo ni mabaya zaidi, ingawa hayaonekani. Kwa kuwa maji ya bomba hayatoshi, wenye majengo huchimba foraje, yaani visima virefu, na kwa kuwa mtaa hauna mfumo wa kupeleka maji machafu mbali, kila jengo huwa na shimo lake la choo. Familia moja ikigeuka kaya kumi na mbili, shimo linapokea uchafu wa kaya kumi na mbili, na katika lupangu uliofunikwa hakuna tena nafasi ya kulitenga na kisima, wala njia ya kufika kulizoa linapojaa. Tunaofahamu kipindupindu kinavyoingia katika jiji hili wakati wa mvua hatuwezi kulichukulia jambo hili kama la mafundi peke yao. Theluthi ya ardhi iliyo wazi hailetei mtaa maji safi, lakini inaacha mahali pa kuzamisha maji ya mvua na nafasi ya kutenganisha kinachonywewa na kinachotupwa.

Kuna pia maisha yenyewe ya barabara. Mama anayekaranga ndizi mbele ya nyumba, watoto wanaocheza wakiwa chini ya macho ya wazee watano wasio wazazi wao, kijana anayetengeneza simu kwenye meza ndogo: hao wote wanategemea barza. Ukuta mrefu na mlango wa chuma uliofungwa saa kumi na mbili jioni hauna jicho. Na tukipata msiba tunafanyaje? Kilio hukalisha watu siku kadhaa, viti hupangwa uani, sufuria huwekwa nyuma. Familia isiyo na ua inakodi ukumbi kwa fedha ambazo ingewapa yatima, au inafunga barabara. Jambo hili linanigusa kuliko hoja zote za usanifu majengo, kwa sababu ni siku ambayo mtaa unathibitisha kwamba ni mtaa.

Kwa anayesema, “Lupangu ni wangu,” nitajibu kwa ufupi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inatamka kwamba ardhi ni mali ya Dola, mali isiyouzika. Raia hupewa konsesyoni, yaani haki ya kuitumia, na haki hiyo ina mipaka, ikiwemo kuomba kibali kabla ya kujenga. Tayari tunakubali kwamba mtu hawezi kujenga juu ya barabara. Kumtaka asimwage maji yake yote kwa jirani hakutofautiani sana na hilo.

Lakini kanuni ya theluthi peke yake itawaumiza watu tusipotazama ni nani anauza na kwa nini. Mara nyingi muuzaji ni kundi la warithi. Baba amefariki, na kwa Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 watoto ndio warithi wakubwa. Wako saba, mmoja yuko Kolwezi, mwingine Kinshasa, nyumba ina vyumba vitatu, na haiwezekani kuigawa vipande saba. Anayekuja na fedha taslimu anaimaliza kesi kwa siku moja. Baada ya miaka miwili fedha zimekwisha, na dada aliyekuwa anaishi na mama yao katika nyumba ile anapanga chumba pembezoni. Hapa ndipo ghorofa ingeweza kuwa msaada: warithi watoe lupangu, mjenzi atoe jengo, nao wabaki na sehemu za kuishi au za kupangisha. Mapatano ya namna hiyo yakibaki kwenye karatasi iliyosainiwa mbele ya mashahidi wawili, warithi watayapoteza, maana kwa sheria yetu haki juu ya ardhi huthibitishwa na hati ya usajili tu. Nisingependa komini itoe kibali cha kubomoa nyumba ya urithi kabla warithi wote hawajaonekana na kusikilizwa, mjane akiwa wa kwanza.

Wapangaji wa vyumba vya nyuma hawana hata nafasi ya kusikilizwa. Sheria ya mwaka 2015 ilizuia garanti, yaani amana anayoweka mpangaji, ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu, lakini anayetolewa leo akatafuta chumba kesho hukutana na madai mengine kabisa.

Pingamizi kubwa ninalolitarajia ni kwamba kanuni yoyote itanunuliwa kwa bahasha, yaani hongo. Ninalichukua kwa uzito, na ndiyo maana sipendekezi kanuni ngumu kuikagua. Ubora wa nondo hauonekani na mpita njia. Ni mhandisi tu anayeweza kusema kama ukuta wa zamani, uliojengwa kwa tofali na tope, unabebeshwa sakafu ambayo haukuandaliwa kuibeba. Udongo ulio wazi unaonekana na kila mtu. Jirani anaweza kuupima kwa kamba, mkuu wa barabara, yaani kiongozi wa wakazi wake, anaweza kuuandika, na aliyeufunika hawezi kuuficha. Kwa viwanja vidogo mno, ambavyo Kamalondo inavyo vingi, majirani wawili waruhusiwe kujenga pamoja na kuacha ua mmoja wa wote wawili. Najua kwamba hapo ugomvi wa mipaka utakuwa mwingi, na sina jibu kamili juu yake.

Ningependa wajibu kwanza wale waliokwisha kujenga: mliacha sehemu gani ya lupangu bila zege, maji ya mvua yanakwenda wapi, na je, kuacha theluthi kungewafanya mwache kujenga kabisa, au mngeongeza tu sakafu moja juu?