Aliyeshika rimoti jana usiku, umetuibia picha

Wanajamvi, salaam aleikum. Nimeamka na hasira, na kahawa ndiyo kwanza imezizidisha.

Jana baada ya Isha nilimchukua mamangu tukaenda kuangalia picha huku Langoni, Lamu, pahali wanapotundika shuka nyeupe na kupanga viti vya plastiki. Pahali penyewe sipataji, wenyewe wanajijua. Kiingilio shilingi 50. Siku zote ni mpira na picha za Kihindi, lakini jana mtu alileta flashi yenye picha ya Kijapani ya zamani, Tokyo Story ya Yasujiro Ozu, ya mwaka 1953. Dakika 136. Sisi tuliona labda 80.

Kwa nini? Kwa sababu kijana mwenye rimoti kila akiona watu wameketi kimya anarusha mbele. "Hapa hakuna kitu." Wazee wanakunywa chai, karusha. Bibi yuko kilimani na mjukuu wake, anamuuliza akiwa mkubwa atakuwa nani, kisha anajisemea sijui siku hiyo mimi nitakuwepo... karusha, maneno hayajamtoka yote. Mamangu akamwambia kwa upole, "Mwanangu, tuachie tuone." Akajibiwa, "Mama, wameketi tu hao."

Kwa ambao hamkuiona: wazee wawili wanatoka Onomichi, mji mdogo wa bandari (hizo boti zake zinavyokohoa utadhani uko gatini hapa), wanasafiri mpaka Tokyo kuwaona watoto wao. Mmoja daktari, mwingine ana saluni. Wote wana shughuli. Hakuna anayewatukana wazee wala kuwafukuza. Mwenye kuomba ruhusa kazini awatembeze ni mkaza mwana wao, mjane wa mtoto wao aliyepotea vitani. Watoto wa damu wanachanga pesa wanawapeleka Atami, ufukwe wa starehe, eti wakapumzike, kumbe ndiyo namna ya kuwatoa nyumbani kwa adabu. Usiku wazee hawalali kwa kelele za vijana. Asubuhi wanaketi juu ya ukuta wa bahari, wakaona afadhali warudi kwao. Bibi akiinuka, kizunguzungu kinamshika. Anatulia kidogo, kisha wanaondoka.

Basi. Kipande chenyewe ndicho hicho, na ndicho alichokirusha. Mimi najua kwa sababu niliwahi kuiona nzima.

Sasa bibi anafika kwao, anafariki, ukumbi mzima unapiga kelele: "Kafaje huyu?" Jamaa nyuma yangu akasema picha ya ovyo, haina stelingi, haina adui, watu wanakufa bila sababu. Sababu mmeirusha wenyewe! Mnamng'oa mtu meno halafu mnamcheka hawezi kutafuna.

Kinachonikera zaidi ni kwamba haya yanasemwa Lamu. Sisi ndio wa kusema hatujui kutazama mtu aliyeketi? Nenda baraza yoyote mtaa wa Mkomani jioni. Mzee akichelewa kuitikia salamu, watu wote wanajua kuna jambo kwake. Mtu akipita bila kutazama mlango fulani, hadithi nzima imeshasimuliwa. Hakuna bunduki hapo, na tunaketi mpaka kahawa inaisha. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, una vita gani? Mama mgonjwa mwaka mzima anamwita bintiye akae karibu amuusie. Mbona huo hamuurushi mbele?

Huyo Ozu kamera yake anaiweka chini, karibu na usawa wa mtu aliyeketi mkekani, na haitembei ila kwa nadra. Yaani unaangalia kama mgeni uliyekaribishwa ndani. Mwaka 2012 jarida la Uingereza la Sight & Sound liliwauliza waongozaji 358 wa filamu, na hii ndiyo waliyoipa nafasi ya kwanza. Sisemi muipende kwa sababu ya hao. Nasema tu kabla ya kuita kitu ovyo, kimalize.

Na msinielewe vibaya, ziko picha za kimya ambazo ni uvivu mtupu. Mtu anatazama dirisha dakika kumi, nje hamna kitu na kichwani mwake hamna kitu. Nimewahi kulala kwenye moja nikaamshwa na punda. Lakini hii kila wakiketi kuna kitu kinapungua baina yao, na usipokuwepo kinapopungua, mwisho hauwezi kukuuma. Hata wale madj wanaotafsiri picha kwa Kiswahili, ambao nawapenda kwa karate, hapa wangeharibu. Utatia maneno gani juu ya mzee anayejipepea?

Mamangu Kijapani hajui, na yale maandishi ya chini hayasomi, macho yamechoka. Nilikuwa namnong'oneza kidogokidogo. Watu walipokuwa wanakula baada ya mazishi, binti mwenye saluni akaanza kuulizia nguo za marehemu, anataka hii na ile. Hapo sikuwahi kufungua mdomo. Mamangu kajifunika mtandio usoni: "Hata arubaini hakungoja." Kina mama wa safu yetu wote wakaguna. Kijana wa rimoti akageuka kutushangaa, kama sisi ndio tuliokosa kitu.

Njiani tukirudi kaniuliza ndugu zangu wawili watatu hivi walioko Mombasa na Doha walipiga simu lini mara ya mwisho. Nikamwambia wana kazi. Hakusema neno mpaka nyumbani.

Asubuhi hii ameuliza tena habari ya ule ukuta wa bahari, maana nilimsimulia. Anataka kukiona kile kipande. Mwenye nakala kamili na yuko Lamu aniandikie inbox, nitaifuata mwenyewe, hata iwe Shela au Matondoni. Rimoti nitashika mimi.