Kihisi cha mtiririko kinasema 5, mizani inasema 4.6: kipi kina kosa?

MrijaMwembamba:
Wakuu, naomba msaada. Nina kihisi kidogo cha mtiririko cha aina ya joto: kapilari (mrija mwembamba sana) ya kioo, hita katikati, kipimajoto kila upande. Kimekalibretiwa (usomaji wake umelinganishwa na kipimo cha uhakika) kwa maji. Pampu ya sindano nimeiweka µL (mikrolita) 5 kwa dakika, sindano ya plastiki ya mL 10. Wastani wa kihisi ni 5.0, ila usomaji unapanda hadi 8 na kushuka hadi 2 kila sekunde 2 hivi. Kwenye mizani ya mg 0.1, dakika 30 zinanipa mg 138 tu. Maji yanadondokea kwenye kichupa kilicho wazi, mdomo sm 2. Lengo ni dripu za dozi ndogo, kwa hiyo kosa la asilimia 8 halikubaliki. Kihisi kibovu?

Fundi_Kapilari:
Kihisi ni kizima, kinakuonyesha pampu ilivyo. Sindano ya mL 10 ina kipenyo cha ndani cha mm 14.5 hivi, yaani eneo la mm² 165. Kwa µL 5 kwa dakika pistoni inasogea mm 0.03 tu kwa dakika. Kama kila hatua ya mota ni mikroni 1, kila hatua inasukuma µL 0.165, na unapata hatua 30 kwa dakika: moja kila sekunde 2. Ndiyo mawimbi yako hayo. Weka sindano ya mL 1 (kipenyo mm 4.7): hatua zitakuwa karibu 5 kwa sekunde, kila moja ndogo mara kumi. Ikiwezekana iwe ya kioo, maana raba ya pistoni ya plastiki hunata, kisha huachia kwa mshtuko.

Usijaribu kulainisha mawimbi kwa kipande cha mrija laini. Utayaficha tu, na kila ukibadilisha kasi utangoja muda mrefu usomaji utulie.

MizaniKwanza:
Upungufu uko kwenye mizani. Kwa 20 °C, µL 150 za maji ni mg 149.7. Zima pampu, acha kichupa mahali pake dakika 10, usome kinachopotea kwa kuvukiza. Pia tone moja lina µL 10 au zaidi; likining'inia kwenye ncha, mizani haijalihesabu. Zamisha ncha ndani ya maji bila kugusa ukuta wa kichupa, kisha funika kwa tabaka jembamba la mafuta ya parafini.

MrijaMwembamba:
Nimezima pampu: mg 3.6 zimepotea kwa dakika 10. Kwa 30 ni mg 10.8, jumla 148.8. Asanteni sana wakuu!

Fundi_Kapilari:
Safi. Sasa jihadhari unapohamia kwenye dripu. Chumvi ya asilimia 0.9 iko karibu na maji, lakini glukosi ya asilimia 50 hubeba joto tofauti kabisa; ikalibreti upya kwa mizani hiyohiyo, angalau kwenye µL 1, 2, 5 na 10 kwa dakika. Ondoa hewa kwenye kimiminika kwa vakyumu kwanza. Mrija wa silikoni hupitisha hewa, na kiputo kikipita kwenye hita usomaji unaruka ghafla kisha unarudi. Ukimaliza, suuza kwa maji yaliyotoneshwa papo hapo, kabla chumvi haijakaukia ndani ya kapilari.