Mjadala: Wiki inayoendeshwa kwa michango inunue seva yake au ikodi kwenye wingu?

Mleta mada:
Wakuu, habari za muda huu. Hoja hii hutugawa kila tovuti ya wiki, yaani ile ambayo wasomaji wenyewe huihariri, inapokua: fedha za wachangiaji zinunue seva, au tuendelee kulipia wingu, yaani seva za kukodi za kampuni nyingine, mwezi hadi mwezi?

Mimi nasema tununue. Mashine moja ya wastani, tuikodie nafasi kwenye kituo cha data chenye umeme wa uhakika. Wasomaji wa wiki ni wengi mno kuliko wahariri, na msomaji asiye na akaunti anaweza kupewa ukurasa ulioandaliwa tayari kwenye kache (ghala la nakala za muda) bila PHP, programu inayoandaa kurasa, wala hifadhidata kuguswa. Mzigo wa namna hiyo unatabirika. Kwa nini tuulipie kila mwezi kana kwamba ni wa dharura?

Tatizo ni kwamba wengi wakishika bajeti wanakimbilia prosesa. Nami nililifanya kosa hilo. Seva yetu ilikuwa na RAM ya GB 32, hifadhidata GB 20, na mhariri akibofya "Hifadhi ukurasa" anasubiri mpaka anadhani mtandao umekatika. Tukabadilisha prosesa, hali ikabaki ile ile. Siku nilipofungua faili la usanidi wa MariaDB, programu ya hifadhidata yetu, nikakuta innodb_buffer_pool_size, yaani kiasi cha RAM ambacho hifadhidata inaruhusiwa kutumia kama kache yake, haijawahi kuguswa tangu mwanzo: MB 128. GB 20 zote zilikuwa zinapita kwenye tundu la sindano huku RAM imelala! Nikaipa GB 16, nikaiwasha upya, na jioni hiyo wahariri wakaanza kuuliza tumenunua nini. Fedha ya watu ilikuwa imekwenda bure kwenye prosesa, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Kwa hiyo RAM kwanza, tena ya ECC, inayojisahihisha makosa. Kisha diski mbili za SSD za daraja la seva kwenye RAID 1, yaani kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine. Prosesa ije mwisho.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, naomba kutofautiana. Umeeleza kununua, hujaeleza diski ikifa saa nane za usiku. Sisi tulikuwa na RAID 1 hiyo hiyo. Diski moja ikafa kimya kimya, na barua pepe za tahadhari zilikuwa zinakwenda kwa mtu aliyekwisha kujitoa kwenye timu. Wiki ikaendelea kusomeka vizuri tu. Ya pili ilipofuata, tukarudi kwenye nakala ya miezi mitatu nyuma. Makala, majadiliano, kazi za usiku za watu waliojitolea, vyote vikapotea. Kwenye wingu diski ikifa ni kazi ya mwenye nyumba.

Halafu huo mzigo unaotabirika, nani alitabiri tarehe 25 Juni 2009? Michael Jackson alipofariki, Wikipedia yenyewe ilielemewa.

Mchangiaji wa pili:
Pole sana kwa hasara hiyo. Ila mfano wa 2009 hauwasaidii wa wingu. Ukurasa ule ulikuwa ukihaririwa mfululizo, na kila uhariri ulipofuta nakala ya kache, seva nyingi zilikurupuka kuuandaa upya ukurasa ule ule kwa wakati mmoja. Dawa iliyotengenezwa baadaye inaitwa PoolCounter: mmoja anaandaa, wengine wanangoja. Hiyo ni programu. Ungekodi mashine zaidi siku ile, nazo zingejiunga kwenye msukumano.

Na kabla hujanunua chochote, kama wiki yako inatumia programu ya MediaWiki, weka $wgJobRunRate iwe 0 na runJobs.php, inayofanya kazi zilizo kwenye foleni, uikabidhi kwa cron, kipanga ratiba cha seva, ili msomaji asibebeshwe kazi za foleni.

Mleta mada:
Ndugu mchangiaji wa kwanza, la tahadhari nalipokea kwa mikono miwili. RAID si bakapu, na kwa heshima, wingu nalo si bakapu: mtu akifuta jedwali kwa bahati mbaya, litafutika huko huko. Nakala iwe mahali pengine kabisa, na ijaribiwe kurejeshwa. Umeme nao tusiusahau. Februari 2005 ulikatika kwenye kituo cha data cha Florida kilichokuwa na seva za Wikipedia, na hifadhidata kadhaa zikaharibika. Ndiyo maana nasisitiza SSD zenye kapasita za kumalizia kuandika umeme unapoondoka. Pamoja na masaibu hayo, Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, hadi leo inaendesha seva zake yenyewe kwenye vituo inavyokodi nafasi.

Mchangiaji wa tatu:
Mnaongelea wasomaji binadamu. Aprili 2025 Wikimedia ilieleza kwamba asilimia 65 ya trafiki yake ya gharama kubwa zaidi inatokana na boti, yaani programu zinazopakua kurasa zenyewe. Msomaji hufungua makala inayosomwa na wengi, ambayo iko kwenye kache. Boti huchimba kila kitu: matoleo ya zamani, tofauti za uhariri, historia za kurasa zisizofunguliwa na mtu. Hizo kache haina, zinaandaliwa upya kila zinapoombwa. Hapo prosesa ina kazi, mleta mada, usiisukumie mwisho kabisa.

Mleta mada:
Kweli, hapo umenirekebisha. Nitaongeza kori za prosesa, na kurasa za tofauti nitaziwekea kikomo cha maombi. Lakini seva yako ikivamiwa na boti, inapungua kasi tu. Wanaolipia wingu kwa kila GB ya data inayotoka kwenye seva watuambie: mwezi wa uvamizi bili ilifika ngapi, na ni nani aliyeidhinisha ilipwe kutoka kwenye michango?