Naomba ushauri: Nausicaä wa manga na wa filamu, ni mtu mmoja kweli?

Wakuu, habari za muda huu. Nawaomba hasa mliosoma manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) ya Hayao Miyazaki, Nausicaä of the Valley of the Wind, hadi juzuu ya 7.

Filamu ya 1984 haikunisumbua: msitu wenye sumu unasafisha ardhi, binti Nausicaä anajitoa mhanga, wadudu wanamfufua, utabiri unatimia. Basi. Lakini manga iliendelea hadi 1994, na huko kibao kinageuka. Kumbe msitu wenyewe ulitengenezwa na watu wa kale, na binadamu waliopo nao walibadilishwa miili. Hewa ikitakata kabisa, mapafu yao yatavuja damu wafe. Halafu Nausicaä huyuhuyu mpole anabomoa kaburi la Shuwa, hifadhi ya watu hao wa kale, lenye mayai ya binadamu wapya, watulivu, wasiojua vita! Na watu wake anawaficha ukweli.

Sasa hapo anatetea uhai jinsi ulivyo, pamoja na uchafu wake, au anaua kizazi kizima kabla hakijazaliwa? Mimi naegemea la kwanza, ila ule uongo wa mwisho unanikera.

Mdogo wangu wa kidato cha pili anataka kuanza. Nimwonyeshe filamu kwanza, au nimpe manga moja kwa moja?