Mgongo ndio unauma, umeme kichwani wa nini?

Mpakiaji, Uyole
Wakubwa shikamooni. Huu mwaka wa nne kiuno kinanitesa. Nilikuwa napakia viazi Isyonje, zile lumbesa zenyewe, mpaka siku nimeinama kufunga kamba za viatu nikashindwa kuinuka. Picha ilisema hakuna kilichovunjika. Nimemeza diklofenaki hadi tumbo likagoma, nimenunua mkanda wa kiuno, bibi mmoja wa Rungwe kanichua na mafuta ya parachichi (nililala vizuri, basi). Sasa shemeji yangu aliyeko Ujerumani kanitumia video: mtu kafungwa sponji mbili zenye nyaya kichwani, eti anatibiwa mgongo. Jamani, mzigo niliubeba na kichwa? Fundi redio wa hapa anasema ataniundia kwa betri ya volti 9.

Fizio, Iringa
Kaka, huyo fundi abaki na redio zake. Sponji ikikauka inaunguza ngozi, na mwenye kifafa au chuma kichwani hata asijaribu.

Ule ni umeme kidogo sana, miliampea 1 au 2, kwa dakika 20 hivi. Sababu ya kichwa: maumivu yakizidi miezi mitatu, mara nyingi jeraha limeshapoa lakini ubongo bado unabweka, kama mbwa wa nyumba iliyowahi kuvunjwa. Jani likidondoka tu, kelele. Maumivu ni ya kweli, hujifanyi. Wanajaribu kumtuliza huyo mbwa.

Ila huko huko Ujerumani walijaribu kwa watu 135 wenye mgongo kama wako, siku tano mfululizo, wengine wakawekewa kifaa cha kuigiza tu. Matokeo yalitoka 2015: hakukuwa na tofauti. Ipo na njia ya kuchochea ubongo kwa sumaku; kwa maumivu sugu ushahidi wake ni dhaifu, na nafuu yenyewe ndogo, haidumu.

Mkanda nao uvue. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 halikuupendekeza, lilipendekeza mazoezi. Anza kutembea, hata kama ni hadi sokoni na kurudi.

Mama Tuma, Makambako
Mwanangu, unakonda? Unatoka jasho usiku? Mdogo wangu tulimchua miezi sita, kumbe TB ya uti wa mgongo. Na ukiona ganzi mapajani kwa ndani au mkojo unagoma, usisubiri kukuche.

Mpakiaji, Uyole
Ndaga fijo, mama. Sijakonda, mkojo uko sawa. Leo nimetembea mpaka njia panda ya Tukuyu. Fundi ananidai 5,000, anasema sponji alishanunua.