Kolitisi: manjano, shubiri, ubani au isabgol?

Kijana_wa_Pipeline
Habarini wadau. Nina kolitisi, vidonda vya utumbo mpana. Iligunduliwa mwaka jana kwa kamera, baada ya kutibiwa amiba mara tatu bila nafuu. Nameza sulfasalazini, vidonge vya kutuliza uvimbe wa utumbo. Damu imekoma, lakini tumbo linanguruma na naenda choo mara nne kwa siku. Shangazi anasisitiza mwarobaini, muuza viungo wa Ngara anasema manjano, rafiki wa Eastleigh ameniletea ubani. Mfuko hauruhusu kujaribu vyote. Nianze na kipi?

Mama_Tatu
Pole sana kaka. Manjano yako mbele kwa ushahidi. Wajapani walitoa utafiti 2006: wagonjwa 89 ambao kolitisi yao ilikuwa imetulia. Kundi moja lilipewa gramu 1 ya kurkumini, kiini cha manjano, asubuhi na 1 jioni kwa miezi 6, juu ya vidonge vyao vya kawaida. Waliorudiwa na ugonjwa hawakufika 5 kwa kila 100. Waliopewa kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani, walikuwa kama 20. Sasa angalia hapa: kurkumini ni kama asilimia 3 tu ya unga wa manjano. Gramu 2 zinataka zaidi ya gramu 60 za unga, yaani zaidi ya nusu ya pakiti ya gramu 100, kila siku. Chai ya manjano mimi huinywa na naipenda, lakini dozi ile haimo.

Fundi_Kariobangi
Na wanaokwambia uongeze pilipili manga ili mwili uifyonze, hawadanganyi. Tatizo ni kwamba pilipili hiyo hupandisha kiwango cha baadhi ya dawa nyingine mwilini pia. Anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza.

Wa_Ushago
Mimi shubiri iliniumiza. Nilichemsha jani zima nililokata kando ya njia, nikaendesha siku mbili hadi miguu ikaisha nguvu. Utomvu wa rangi ya njano ulio chini ya ganda ni dawa ya kuharisha! Kilichojaribiwa London 2004 ni ute wa ndani wa Aloe vera, mililita 100 mara mbili kwa siku kwa wiki 4. Kati ya 30 walioinywa, 9 walitulia. Kati ya 14 wa kinywaji kitupu, 1. Na shubiri nyingi za mwituni kwetu ni za aina nyingine.

Fundi_Kariobangi
Ubani uliojaribiwa kwa kolitisi ni wa mti wa India. Wa Eastleigh hutoka Somalia, mti mwingine. Kwa ugonjwa wa Crohn, ndugu wa kolitisi unaoweza kushika utumbo wowote, Wajerumani waliujaribu huo wa India wiki 52, wakachapisha 2011: haukushinda kidonge kitupu.

Dada_wa_Umoja
Ndugu yangu alitumia mitishamba *badala ya* vidonge. Miezi mitatu alikuwa mzima, akatuambia amepona. Mwezi wa nne tulimbeba usiku akiwa hana damu mwilini, akaongezwa chupa tatu. Nawaomba, chochote mtakachochagua kiwe juu ya dawa.

Mama_Tatu
Kijana, kwa mfuko wako ningesema isabgol, nyuzinyuzi za mbegu zinazovimba kwenye maji, inauzwa kwa kemia. Uhispania 1999, wagonjwa 105 waliotulia, gramu 10 za mbegu zake mara mbili kwa siku: baada ya mwaka, 40 kwa 100 walirudiwa, na wale waliomeza mesalazini, dawa ya kolitisi ya jamii ya hiyo yako, 35. Karibu sawa. Kunywa na maji mengi. Mwenye Crohn ambaye utumbo wake umekuwa mwembamba mahali asiiguse, itamziba. Halafu, sulfasalazini unaimeza na chakula? Yenyewe huchafua tumbo. Na umepewa foliki, ile vitamini ambayo sulfasalazini huipunguza mwilini?

Kijana_wa_Pipeline
Huwa naimeza asubuhi kabla ya chai, na foliki sijapewa. Kliniki ni Alhamisi, nitauliza yote mawili. Isabgol naanza na kijiko kimoja. Dada wa Umoja, ndugu yako anaendeleaje sasa?

Dada_wa_Umoja
Amerudi kazini. Vidonge vyake namhesabia mimi kila Jumapili.