Mgongo wa mzee: TB ya mfupa ama kansa ya damu?

MtotoWaArua: Habarini ndugu zangu. Mzee wangu ana miaka 63, mgongo unamuuma tangu mwezi wa nne, kwanza wakasema bruselosi, ule ugonjwa wa kutoka kwa mifugo, akameza dawa wapi, baadaye eksirei ikaonyesha pingili moja imebonyea wakasema TB ya mfupa, sasa miezi miwili yuko kwa dawa za TB na anazidi kukonda, viganja vimepauka, juzi kumnyanyua mjukuu tu mbavu ikalia ka! Daktari mwingine anashuku kansa ya damu, twende Kampala. Sasa kansa ya damu inavunjaje mfupa? Uvimbe hana popote.

FundiEksirei: Pole sana. Kuna kansa ya damu inaitwa mayeloma, inakaa kwenye uboho ndani ya mfupa na inafanya mfupa uliwe kutoka ndani. Chukua ile filamu uielekeze dirishani, tazama ile nafasi kati ya pingili iliyobonyea na jirani yake. TB mara nyingi inaila hiyo nafasi, mayeloma mara nyingi inaiacha, ingawa si kila mara. Waombe wapige eksirei ya kichwa pia, kwenye fuvu huwa tunaona vitundu vya mviringo kama ubao uliobunguliwa. Eksirei ikiwa safi bado msitulie, mfupa unaweza kupoteza theluthi nzima kabla haijaonyesha kitu, siti skani na MRI zinawahi kuona.

MamaZawadi: Dada yangu mgongo haukumuuma hata siku moja!! Alianza kiu, kukojoa sana, choo kigumu, tukasema sukari, kumbe kalisiamu ya mifupa imejaa kwa damu. Skani ikaonyesha tundu kwenye nyonga ila jibu lenyewe lilitoka walipomchoma sindano kutoa uboho, pamoja na kupima protini kwenye damu na mkojo. Na tafadhali msimpe diklofenaki ya kutuliza maumivu, inaumiza figo na huu ugonjwa wenyewe unazila figo. Dawa za TB asiache mpaka daktari aseme.

MtotoWaArua: Nimetazama, nafasi ipo wazi kabisa. Tumekata tiketi ya basi kesho usiku, tunaenda Uganda Cancer Institute pale Mulago. Ila tangu asubuhi mguu wa kushoto anasema ni kama amevaa soksi na hana.

FundiEksirei: Ndugu usingoje kesho, na basi achana nalo. Huenda huo ni uti wa mgongo unabanwa. Alale chali, mpeleke hospitali ya rufaa hapo Arua sasa hivi, beba filamu zote, mwambie daktari neno la kwanza kabisa habari ya huo mguu.